Pete ya Simba na Pete ya Mtume (S.A.W.)

 

Ndugu Waislamu, siku moja baada ya sala ya Alasiri alinijia barazani kijana mmoja niliyemsomesha tangu alifu mpaka akakhitimu. Zilikuwa zimesalia siku kumi tu arusi yake. Baada ya kuamkiana alitia mkono mfukoni, akatoa kisanduku kidogo cha mahameli, akakifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na pete.

Pete yenyewe ilikuwa ya fedha, nzito, na uso wake mpana kama sarafu kubwa. Juu ya uso huo ilipandikwa ngao ya dhahabu, na katika ngao amechongwa simba aliyesimama kwa miguu ya nyuma, ulimi nje, na juu ya kichwa chake pana taji. Ni mfano wa nembo za wafalme na makabaila wa Ulaya.

"Maalim," akaniambia, "hii ni zawadi ya mjomba wangu. Yuko ng'ambo mwaka wa nane sasa, na arusini hataweza kuhudhuria. Ameniletea niivae siku ya akdi. Nyumbani maneno yamekuwa mawili. Mama asema niivae, kwani dhahabu yenyewe ni kidogo na fedha ndiyo nyingi. Babu asema ni haramu, na nikiivaa yeye haji kwenye akdi. Nami nimekuja kwako unipe neno."

Neno nalikuwa nalo ncha ya ulimi. Walakini nalilimeza, na sababu yake nitaieleza bila ya kujificha.

Miaka mingi iliyopita, damu yangu ikiwa bado inachemka, alikuja msikitini kwetu mtu mzima mmoja ambaye ndiyo kwanza ameanza kusali. Kidoleni alikuwa na pete ya dhahabu. Imamu alipotoa salamu nalisimama nikamkaripia mbele ya safu nzima. Nalimsomea hadithi, na hadithi ni sahihi. Lakini nalimsomea kwa sauti ya mwenye kushinda, si kwa sauti ya mwenye kunasihi. Yule bwana alinyamaza, akachukua viatu vyake, akatoka. Hakurudi tena, wala sikupata kusikia kuwa amekwenda kusali msikiti mwingine. Yeye alikuwa na kosa la kidole. Mimi nalikuwa na kosa la moyo.

Basi yule kijana nalimwambia, "Keti, mwanangu, tuzungumze." Na hayo tuliyoyazungumza ndiyo ninayoyaandika hapa, kwani swali lake si lake peke yake. Pete za namna hii leo zimejaa madukani, na vijana huonyeshwa picha zake katika simu usiku na mchana, wakaambiwa kuwa bila ya hiyo mwanamume hajatimia.

PETE YA MTUME (S.A.W.)

Tuanze kwa aliye kiigizo chetu. Katika mwaka wa 6 wa Hijra (628), baada ya suluhu ya Hudaybiya, Bwana Mtume (S.A.W.) alikusudia kuwaandikia wafalme wa dunia na kuwaita katika Uislamu. Akaambiwa kuwa wafalme hao hawaisomi barua isiyokuwa na muhuri. Ndipo akafanya pete ya fedha, ikachorwa mistari mitatu: jina lake Muhammad mstari mmoja, neno Rasul mstari mmoja, na jina la Allah mstari mmoja. Akawakataza watu wasichore maneno hayo katika pete zao. Na hekima ya katazo hilo ni wazi, kwani muhuri ukiwa mikononi mwa kila mtu haumtambulishi mtu yeyote.

Zingatieni jambo hili. Pete ile haikufanywa kwa ajili ya kujipamba. Ilifanywa iwe chombo cha kazi, kama kalamu na wino. Ilipogandamizwa juu ya barua ilikuwa ni ushahidi kwamba maneno haya ni ya fulani, na fulani huyu ni mkweli. Heraklio mfalme wa Rumi aliipokea barua yake kwa heshima. Kisra mfalme wa Fursi aliichana. Lakini wote wawili walijua imetoka kwa nani.

Alipofariki Bwana Mtume (S.A.W.) mwaka wa 11 wa Hijra (632), pete ile ilikuwa mkononi mwa Sayyidna Abubakar, kisha kwa Sayyidna Umar, kisha kwa Sayyidna Uthman (R.A.). Haikurithiwa kama mali ya nyumbani. Ilipokewa kama amana, kutoka kwa mwenye kubeba kazi mpaka kwa mwenye kubeba kazi. Siku moja Sayyidna Uthman alikuwa amekaa kwenye kisima cha Aris, upande wa Quba, akiigeuzageuza ile pete mkononi, ikamponyoka ikaanguka kisimani. Wakaitafuta siku tatu, wakayateka maji ya kisima yakaisha, hawakuiona.

Kisima kiliimeza fedha. Walakini maneno yaliyochorwa juu yake yanasomwa mpaka leo, mara tano kwa siku, juu ya kila mnara. Huo ndio muhuri usiopotea.

KHABARI YA DHAHABU

Imepokewa kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba hapo mwanzo Bwana Mtume (S.A.W.) alivaa pete ya dhahabu, na kito chake akikielekeza upande wa kiganja. Watu nao wakafanya pete za dhahabu. Kisha akaivua, akaitupa, akasema kuwa hataivaa tena kamwe, na watu wakazitupa zao. Na imethibiti kuwa dhahabu na hariri zimeharimishwa kwa wanaume wa umati huu na zimehalalishwa kwa wanawake wao.

Kijana wangu aliniuliza, "Je, Maalim, dhahabu ina ubaya gani?" Nikamjibu: dhahabu haina ubaya. Sahaba mmoja jina lake Arfaja alikatwa pua vitani, akafanya pua ya fedha, ikamnukia, Bwana Mtume (S.A.W.) akamwamuru afanye pua ya dhahabu. Kwa hiyo penye dharura ya mwili imeruhusiwa. Na katika Suratul Kahf Mwenyezi Mungu ametueleza kwamba watu wa Peponi watavishwa vikuku vya dhahabu. Basi mwanamume Mwislamu hakunyimwa dhahabu, amewekewa. Anayeivaa hapa ni kama mtoto aliyeahidiwa nguo za Idi akaziiba kabatini siku ya mfungo mosi kabla ya alfajiri: nguo ni zake, wakati si wake.

"Na kama dhahabu ni kidogo na fedha ni nyingi?" Hapa ndipo aliposimama mama yake, na hapa ndipo wanaposimama watu wengi. Jawabu yake ilikwishaandikwa zamani. Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Kishafi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza kuwa pete ya dhahabu ni haramu kwa mwanamume, na iliyo nusu dhahabu nusu fedha hukumu yake ni hiyo hiyo. Hata ikiwa ni jino tu la kushikia kito, au imechovywa dhahabu kidogo. Aliyekula tende moja mchana wa Ramadhani kwa kusudi amefungua, kama aliyekula sahani nzima ya pilau. Wingi wa fedha hauitoharishi dhahabu iliyomo.

SIMBA NI WA NANI?

Tukaitazama tena ile pete. Nikamwuliza, "Na huyu simba, ni simba wa nani?" Akacheka, akasema hajui. Kikaratasi kilichokuja na pete kilisema kuwa ni ishara ya nguvu na ukoo bora.

Nembo hizi zina tarehe yake. Zilianza Ulaya katika karne ya 12. Mpanda farasi aliyefunikwa chuma kichwani na mwilini ni shida kumtambua vitani. Basi kila bwana mkubwa akachora alama katika ngao yake ijulikane kuwa ni yeye. Alama zile zikarithiwa na watoto, kisha zikaingia katika pete, ili mwenyewe agandamize uso wa pete juu ya lakiri ya barua. Ndiyo maana pete ya muhuri ya kweli huchorwa kinyume, ili chapa yake isomeke sawa. Huko Uingereza, mwaka 1484, Mfalme Richard III aliwapa watunza nembo hati ya kuwa chama rasmi, nacho kipo London hata leo. Na kwa desturi yao nembo ni ya mtu maalumu aliyepewa na ya kizazi chake. Hata mwenye jina kama lake haruhusiwi kuitumia akiwa si wa kizazi hicho.

Basi simba wa dukani hana mwenyewe. Ni muhuri usiotia muhuri barua yoyote, na alama ya ukoo usiokuwapo. Pete ya Bwana Mtume (S.A.W.) ilisema kweli juu ya mwenye kuivaa. Pete hii yasema jambo ambalo mwenye kuivaa halijui, na mwenye kuiuza hakuliuliza. Na Mwenyezi Mungu ametufunza katika Suratul Hujurat kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na kwamba aliye bora mbele yake ni mwenye kumcha zaidi. Ukoo ni wa kujuana. Si wa kujivunia.

Tena kuna lile la sura ya kiumbe mwenye roho. Imamu Nawawi amesema kutengeneza sura za wanyama ni haramu, ziwe katika nguo, sarafu, chombo au ukuta. Kwa hiyo hata kama simba yule angalikuwa wa fedha tupu, fedha isingemwokoa.

SULTANI NA MWANACHUONI

Wala tusidhani kuwa tamaa ya nembo ni ya Wazungu peke yao. Maamiri wa Misri na Sham katika zama za Mamluki nao walikuwa na alama zao, wakizichora katika majumba, taa na vyombo. Lakini nyingi zilikuwa ni alama za kazi: mnyweshaji wa Sultani alama yake kikombe, mbeba silaha alama yake upanga, mwandishi alama yake kijaluba cha kalamu. Katika hilo mna adabu kidogo, kwani mtu alijulikana kwa utumishi wake. Ama Sultani Baybars, yeye alijichagulia simba, na simba wake wangali wanaonekana katika majengo aliyoyajenga, mojawapo daraja karibu na mji wa Ludd katika Palestina.

Imesimuliwa kuwa Baybars alipotaka kwenda kupigana na Matatari aliwataka wanavyuoni wa Sham waandike fatwa ya kuhalalisha kutwaa mali za raia kwa ajili ya vita. Wakaandika. Akauliza kama amebaki ambaye hakuandika. Akaambiwa amebaki Sheikh Muhyiddin Nawawi. Akaitwa. Alikuwa mtu mnyonge wa mwili, mwenye nguo kuukuu. Akakataa kuandika. Akamkumbusha Sultani kwamba zamani yeye alikuwa mtumwa asiye na kitu, kisha Mungu akampa ufalme. Na sasa ana watumwa elfu, kila mmoja na mshipi wa dhahabu, na vijakazi mia mbili, kila mmoja na sanduku la mapambo. Akamwambia kuwa vyote hivyo vikitumika kwanza, vikabaki vitambaa vya sufu tu badala ya mishipi ile, hapo ndipo atakapomwandikia fatwa. Sultani akaghadhibika, akamwamuru atoke mjini, naye akaenda zake kijijini kwao Nawa.

Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1277. Mwenye simba amebaki katika mawe ya daraja. Asiyekuwa na nembo anasomwa kila siku katika misikiti yetu, na watoto wadogo wanahifadhi Hadithi Arubaini alizozikusanya.

PETE ZA BAHATI

Kabla ya kuendelea nitaje kwa ufupi balaa jingine. Ziko pete zinazouzwa kwa maneno kwamba zina bahati, zina khadimu, zinavuta mali na kuzuia uadui. Mwenye kuamini hivyo hajakosea katika kidole; amekosea katika tawhidi. Imepokewa kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alimwona mtu amevaa duara ya shaba mkononi kwa kujikinga na maradhi, akamwamuru aivue, akamwambia kuwa haimzidishii ila udhaifu. Akiki ni jiwe zuri, na kulivaa katika pete ya fedha hakuna makosa. Lakini ni jiwe, haliruzuku wala haliponyi.

TULIFANYAJE?

Kijana alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akainamisha kichwa. "Maalim, nimefahamu. Lakini mjomba je? Baba alipofariki nalikuwa na miaka sita. Yeye ndiye aliyenilipia masomo. Nikimrudishia zawadi yake nitakuwa nimemvunja."

Hapo nilikumbuka hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (R.A.), ile ile niliyoisoma kwa ukali siku ile msikitini. Bwana Mtume (S.A.W.) aliona pete ya dhahabu mkononi mwa mtu mmoja, akaivua, akaitupa, na akasema kuwa mmoja wenu hukusudia kaa la moto akalitia mkononi mwake. Wengi wetu huishia hapo. Lakini hadithi ina mwisho. Alipokwisha kwenda Bwana Mtume (S.A.W.), watu walimwambia yule mtu aichukue pete yake anufaike nayo, naye akaapa kuwa hataichukua kabisa ilhali Mtume wa Mungu ameitupa.

Katika mwisho huo mna mafunzo mawili. La kwanza, dhahabu ile ni mali, na Masahaba waliona hapana ubaya kunufaika nayo kwa njia nyingine. La pili ni letu sisi waalimu: yule aliyevuliwa pete alimpenda aliyemvua. Kabla hujanyosha mkono kuivua pete ya mtu, jiulize kama umemfanyia wema wa kiasi hicho.

Nikamwambia, "Usimrudishie. Mpigie simu usiku huu, mwambie kweli kwa adabu, umwombe rukhsa tuigeuze." Akapiga. Mjomba hakufurahi. Alinyamaza kitambo, kisha akakata simu. Siku mbili kijana hakulala vizuri, na mama mtu alinikasirikia. Siku ya tatu mjomba akapiga mwenyewe. Akasema, "Sikutaka ufakhari, mwanangu. Nalitaka uonekane mtu mbele ya wakwe zako, kwa kuwa baba yako hayupo wa kusimama nawe."

Kumbe chini ya simba yule mlikuwa na hilo.

Tukaenda kwa sonara. Akaibandua ngao, akaiyeyusha. Dhahabu yake ikatoka kishaufu cha bibi arusi, akapewa kuwa zawadi ya mjomba. Fedha nayo ikayeyushwa, ikatolewa pete nyepesi isiyo na kitu ila maandishi madogo ya herufi za Kiarabu: jina la kijana, bin, na jina la marehemu baba yake. Hiyo ndiyo nembo yake ya kweli, ambayo hapana duka linaloweza kuiuza.

Siku ya akdi babu yake alikuja. Akamshika mkono mjukuu wake, akauinua karibu na macho yake yaliyopungua nuru, akalisoma jina la mwanawe. Hakusema neno. Aliufunika mkono ule kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia mpaka khutba ilipokwisha.

ADABU ZA PETE

Kwa wanaotaka kuvaa, haya ndiyo yanayotosha:

1. Iwe ya fedha, wala isiwe na dhahabu hata chembe. Isiyokuwa ya dhahabu lakini ina rangi yake, kuiacha ni bora, usije ukatuhumiwa au mwingine akakuiga.

2. Iwe ya uzito wa kadiri, kama wavaavyo watu wa hali yako. Ipo hadithi ya kuwa isitimie mithqali moja, yaani kama gramu 4 na robo; isnadi yake ina udhaifu, lakini israfu ni israfu.

3. Ivaliwe kidole cha mwisho, mkono wa kulia au wa kushoto, kwani yote mawili yamepokewa. Kidole cha shahada na cha kati Sayyidna Ali (R.A.) amesema amekatazwa kutia pete.

4. Ikiwa na jina la Mwenyezi Mungu, ivuliwe kabla ya kuingia chooni.

5. Ikibana, itikiswe wakati wa kutawadha na kuoga janaba, maji yafike chini yake.

Enyi akina mama mnaowatafutia wana wenu zawadi za arusi, na enyi masonara Waislamu mnaotengeneza, ulizeni kwanza ni ya mume au ya mke. Nanyi vijana, mkitaka alama ya kujulikana nayo, jichoreeni ya ukweli katika maneno yenu na uaminifu katika kazi zenu. Siku ya kuoshwa, muoshaji huanza kwa kuvua pete.

Mwenyezi Mungu amrehemu yule bwana wa msikitini kwetu popote alipo, na anisamehe mimi niliyemfukuza. Na kama yuko hai na ameyasoma haya, safu yake iko wazi.